Nukta, Nyika na Msimu: Kiswahili cha Riadha na Nyota wa Kericho na Bomet

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyousimulia msimu wa riadha. Mifano yake imetolewa katika nchi ya chai, yaani kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya. Sababu ya kuliteua eneo hili haihitaji maelezo marefu. Mwaka 1964 jijini Tokyo, Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho alimaliza wa tatu katika mbio za mita 800 na kuwa Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki. Miaka 60 baadaye, Beatrice Chebet wa kaunti iyo hiyo alirejea kutoka Paris na medali mbili za dhahabu. Kati ya wawili hao wamo wengine, wakiwemo Joyce Chepchumba, mzaliwa wa Kericho aliyepata shaba ya marathoni katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, na Mercy Cherono wa Bomet aliyetwaa dhahabu ya mita 5,000 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2014 huko Glasgow.

Mijadala ya lugha ya michezo katika idara zetu za Kiswahili huelekea mno kwenye kandanda. Hilo si ajabu, kwa maana sauti zilizowafunza wasikilizaji wa Kenya utangazaji wa michezo kwa Kiswahili, kama ile ya marehemu Leonard Mambo Mbotela, zilisikika zaidi katika viwanja vya soka. Hata hivyo, jina la Kenya duniani limejengwa na miguu ya wakimbiaji. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mtangazaji na mwandishi wa riadha amerithi lugha ya kandanda bila kuipima, na kwamba urithi huo mara nyingine humfanya aseme jambo ambalo halikutokea.

Msimu ni nini?

Neno msimu lilitokana na Kiarabu, na katika pwani ya Afrika Mashariki liliambatana na pepo za kaskazi na kusi. Msimu ulikuwa wakati wa majahazi kuja na wakati wa majahazi kuondoka. Michezo ililichukua neno hilo na kulipa mipaka mipya. Msimu wa mpira wa kikapu au wa kandanda una ratiba, jedwali la pointi, timu zinazopanda na zinazoshuka, kisha mchuano wa mwisho unaompata bingwa. Msomaji akilitazama jedwali hujua mara moja nani yu wapi.

Msimu wa riadha hauna jedwali la aina hiyo. Mwanzoni mwa mwaka huwa na mbio za nyika. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba huwa na mashindano ya uwanjani, hasa mfululizo wa Diamond League, ambao huwakusanyia wanariadha wa kulipwa pointi za kuwafikisha fainali. Ndani ya mfululizo huo huingia Olimpiki au Mashindano ya Dunia, na mwaka hufungwa kwa mbio za barabarani. Mwanariadha mmoja anaweza kuvaa jezi ya mdhamini wake mwezi Mei na jezi ya taifa mwezi Agosti, na katika mashindano ya kitaifa akaiwakilisha timu ya Polisi, Magereza au Jeshi. Kiprugut alikimbia akiwa mwanajeshi. Chebet ni askari polisi. Timu hizi za watumishi wa serikali ndizo zilizo karibu zaidi na kile ambacho mashabiki wa kandanda hukiita klabu, ingawa taarifa nyingi za Kiswahili huzitaja kwa neno moja tu kisha zikazisahau.

Kwa mkazi wa Kericho, neno msimu lina ugeni mwingine. Katika miinuko hiyo iliyo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na majani ya chai huchumwa mwaka mzima. Mkimbiaji wa huko hufanya mazoezi katika barabara za udongo mwekundu, mashamba yakiwa kijani kibichi Januari na kijani kibichi Julai. Jirani yake mchuma chai naye hana muda wa kungoja mavuno. Aliyekuja na neno msimu kutoka pwani angepata taabu kulieleza pale.

Neno nyika nalo lina kisa kama hicho. Kwa watu wa pwani, nyika ilikuwa bara kavu iliyoanza nyuma ya vilima vyao, nchi ya miiba na uchache wa maji. Leo mbio za nyika hukimbiwa katika bustani za Ulaya zenye nyasi zilizofyekwa na matope yaliyotayarishwa kwa makusudi. Maana imepanuka na hakuna ubaya. Lakini mwanafunzi wa semantiki anayetafuta mfano wa neno lililosafiri mbali na kwao atapata mmoja hapa bila kupekua sana.

Msimu wa mwaka 2024

Chebet alizaliwa tarehe 5 Machi 2000, na anahusishwa na kambi ya mazoezi ya Lemotit huko Londiani. Hakuzuka ghafla. Mwaka 2018 alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi katika mita 5,000 huko Tampere, Finland. Mwaka 2022 alipata fedha katika Mashindano ya Dunia ya Eugene, Marekani, na dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham. Mwaka 2023 alitwaa taji la dunia la mbio za nyika huko Bathurst, Australia.

Msimu wa 2024 aliufungua kwa kulihifadhi taji hilo la nyika huko Belgrade mwezi Machi. Tarehe 25 Mei huko Eugene alikimbia mita 10,000 kwa 28:54.14, akawa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29. Rekodi aliyoivunja, 29:01.03, ilikuwa ya Letesenbet Gidey wa Ethiopia tangu mwaka 2021. Ukigawa muda wa Chebet kwa mizunguko 25 utapata wastani wa sekunde 69 na ushei kwa kila mzunguko. Kijana mwenye afya anayedhani hilo ni jambo dogo na aujaribu mzunguko mmoja tu.

Paris ilifuata. Tarehe 5 Agosti alishinda mita 5,000 kwa 14:28.56, mbele ya Mkenya mwenzake Faith Kipyegon aliyetumia 14:29.60, na Sifan Hassan wa Uholanzi. Kipyegon, ambaye hutoka upande wa Keringet jirani na kaunti hizi mbili, kwanza alifutiwa matokeo kwa madai ya kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia, kisha akarudishiwa fedha yake baada ya rufaa. Tarehe 9 Agosti, yapata saa nne usiku kwa saa za Kenya, Chebet alishinda mita 10,000 kwa 30:43.25. Nadia Battocletti wa Italia alimfuata kwa 30:43.35.

Uzito wa ushindi huu wa pili huonekana ukiuweka katika historia. Dhahabu ya kwanza ya Kenya katika mita 10,000 za Olimpiki ililetwa na Naftali Temu, mwana wa Nyamira, ambako pia chai hulimwa, huko Mexico mwaka 1968. Tangu hapo hakuna Mkenya mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyeipata hadi usiku ule wa Paris, muda wa miaka 56. Taarifa nyingi zilisema, kwa haki, kwamba Chebet alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo. Neno "mwanamke" hapo lilificha sehemu ya habari, kwa kuwa wanaume nao walikuwa wameisubiri dhahabu hiyo zaidi ya nusu karne.

Mwezi Septemba alishinda fainali ya Diamond League huko Brussels kwa 14:09.82, na tarehe 31 Desemba huko Barcelona akakimbia kilomita 5 za barabarani kwa 13:54, rekodi nyingine ya dunia. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Julai 2025, alirudi Eugene na kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14, muda wake ukiwa 13:58.06.

Tatizo la nukta

Tarakimu hizi huandikwa kwa urahisi. Kuzisoma kwa sauti ndiko kunakoleta utata, na chanzo chake ni neno nukta. Katika Kiswahili cha zamani, na katika kamusi hadi leo, nukta ni alama ndogo ya mviringo na pia ni sehemu moja ya sitini ya dakika. Katika hesabu za shule, nukta ni alama ya desimali. Maana ya pili imeachiwa sekunde katika matumizi ya kila siku, lakini haijafa, hasa kwa wazee na kwa wasemaji wa pwani.

Chukua rekodi ya mita 10,000. Mtangazaji akisema "dakika ishirini na nane nukta hamsini na nne", msikilizaji mmoja ataelewa dakika 28 na sekunde 54. Mwingine, aliyefunzwa desimali, ataelewa dakika 28 na sehemu 54 za mia ya dakika, yaani dakika 28 na sekunde 32.4. Tofauti baina ya ufahamu huu na ule ni sekunde 21.6. Chebet aliipunguza rekodi ya dunia kwa sekunde 6.89. Utata wa neno moja, basi, umezidi mara tatu ya kile kilichoshangiliwa na dunia nzima.

Kuna kosa la pili. Muda wa 13:58.06 husomwa mara nyingine "nukta sita". Nukta sita ni sehemu sita za kumi. Sehemu sita za mia ni "nukta sifuri sita". Katika kandanda kosa kama hilo halipo, kwa sababu mabao hayagawanyiki. Katika mbio ambazo mshindi na wa pili hutenganishwa na sehemu 10 za mia ya sekunde, kama ilivyokuwa Paris, kosa hilo laweza kumpa medali asiyestahili. Usomaji salama ni "dakika 13, sekunde 58, nukta sifuri sita": kila kipimo kitajwe kwa jina lake na nukta ibaki na kazi moja tu.

Vitenzi vya kuazima

Kandanda ya Kiswahili imejaa vitenzi vya kupiga na kuangusha. Timu hunyuka, hucharaza, huchapa, hubwaga, hulaza na huwalambisha wenzao sakafu. Katika mchezo wa pande mbili zinazokabiliana, vitenzi hivi vina mantiki: kila kitenzi kina mtenda na mtendwa, na bao ni pigo. Mbio ni kitu kingine. Wakimbiaji wote hutazama upande mmoja. Hakuna anayemgusa mwenzake, na akimgusa huenda akafutiwa matokeo.

Tazama kilichotokea Bathurst mwaka 2023. Gidey aliongoza hadi mita chache kabla ya utepe, nguvu zikamwishia, akaanguka. Chebet alimpita na kushinda. Kichwa cha habari chenye umbo la "Chebet ambwaga Gidey" kingefuata kanuni zote za sarufi na mazoea yote ya kurasa za michezo, na bado kingekuwa uongo, maana aliyeanguka aliangushwa na uchovu wake na wala si na mshindi. Hapo lugha ya kuazima haipambi tukio. Inatunga tukio jingine. Huko Paris, katika mita 5,000, kitenzi hicho kingewahusu Wakenya wawili waliovaa jezi moja. Kiswahili hakikosi vitenzi vya kufaa. Kina kupiku, kutangulia, kuacha, kupita, kuchomoka, kufyatuka, kukaza mwendo, kumfuata mtu unyounyo. Battocletti alipikwa kwa wembamba wa unywele, hakubwagwa.

Jambo la pili ni muundo wa sentensi. Mtangazaji wa kandanda huanza na mchezaji kwa sababu mpira huhama kutoka mguu hadi mguu, na kila anayeugusa huwa kiima kipya. Mtangazaji wa riadha anahitaji kwanza kuonyesha nafasi, kisha aliyeishika. Linganisha:

(1) Chebet anakimbia mbele ya Battocletti.
(2) Mbele yupo Chebet, nyuma yake Battocletti, wa tatu ni Hassan.

Sentensi (1) ni sahihi, lakini kitenzi "anakimbia" hakiongezi kitu, wote wanakimbia. Sentensi (2) imeanza na mahali na ikamalizia kwa jina, ambalo ndilo habari mpya. Virejeshi vya mahali na vishirikishi vya po, ko na mo ni hazina ambayo lugha nyingi hazina kwa kiwango hiki, na vinaonekana kana kwamba vilitengenezwa kwa ajili ya mbio za mizunguko 25.

Kuna pia suala la muda mrefu usio na tukio. Nusu saa ya mita 10,000 ina dakika nyingi za kufuatana tu. Mtangazaji aliyezoea kandanda huingiwa na hofu ya ukimya, naye hupandisha sauti mahali pasipo na jambo. Kengele ya mzunguko wa mwisho inapolia, sauti yake haina tena pa kupanda. Kiambishi -ki- humwezesha kuhesabu kuelekea mwisho bila kupiga kelele: zikisalia raundi sita, zikisalia tano, ikilia kengele. Kiambishi -ka- na kitunzwe kwa ajili ya mita 200 za mwisho, pale matendo yanapofululiza: wa tatu akasogea, wa pili akatoka pembeni, wa kwanza akaongeza mwendo. Msimulizi wa ngano huijua tofauti hii tangu utotoni. Haanzi na -ka- kabla ya kutuambia paliondokea nini.

Majina

Sehemu hii ndiyo ambayo mtangazaji wa Kiswahili angeweza kumshinda kabisa mwenzake wa Kiingereza, na ndiyo anayoipuuza zaidi. Majina mengi ya Wakipsigis, na ya Wakalenjin kwa jumla, hueleza wakati au hali ya kuzaliwa. Kiambishi Kip- au Ki- huelekea kwa mwanamume, Chep- au Che- kwa mwanamke. Chebet alizaliwa mchana. Cherono alizaliwa jioni, mbuzi na kondoo wakirudi zizini. Kiprugut ni jina la aliyezaliwa wakati wa njaa. Chepchumba huhusishwa na wazungu, kama vile kuzaliwa hospitalini au wakati wageni hao walipokuwapo.

Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu katika utaratibu huu. Yeye mwenyewe ana Masika aliyezaliwa wakati wa mvua kubwa, ana Tabu na Shida, ana Juma na Hamisi. Mfumo wake wa saa nao huhesabu kuanzia mapambazuko. Anayemweleza msikilizaji wa Mombasa au Unguja kwamba Cherono ni mtoto wa jioni amempa kitu cha kushika kumbukumbu, na hakumchukulia zaidi ya sekunde tatu kati ya nusu saa aliyo nayo.

Bila maelezo hayo, sikio hujitafutia maana lenyewe, na mara nyingi hukosea. Chepchumba husikika kama jina lenye chumba ndani yake. Chumo, jina la pili la Kiprugut, kwa Kiswahili ni pato au faida, kutoka kitenzi chuma, kile kile cha kuchuma chai na kuchuma mali. Kwa Kipsigis, Chumo ni mojawapo ya majina ya marika yanayozunguka kizazi baada ya kizazi. Mshairi wa Kiswahili angeweza kucheza na mgongano huo wa maana katika nchi ya wachuma chai; mwanaisimu anapaswa kwanza kutenganisha asili mbili zilizokutana kwa bahati.

Majina ya ukoo huongeza utata. Faith Chepngetich Kipyegon ni mwanamke, naye huitwa kwa jina lenye Kip- kwa sababu ni la baba yake. Wapo waandishi wanaotumia jina la mwisho peke yake kwa kufuata desturi ya magazeti, ilhali jina linalomhusu yeye mwenyewe, Chepngetich, lipo katikati na hutamkwa kwa nadra. Kanuni moja haiwezi kuwekwa, lakini mwanafunzi anayefanya utafiti wa onomastiki katika lugha ya michezo ana uwanja mpana ambao haujalimwa.

Utafiti huo una haraka yake. Kiprugut alizaliwa mwaka 1938, wakati ambapo mashamba makubwa ya chai yalikuwa yamekwisha kuenea katika ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa Wakipsigis na Watalai. Mwaka 1965 alishinda mita 400 na mita 800 katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville. Huko Mexico mwaka 1968 alipata fedha ya mita 800 kwa 1:44.5, nyuma ya Ralph Doubell wa Australia. Alifariki tarehe 1 Novemba 2022. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Oktoba 2023, sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika katika uwanja wa Kericho Green, mwaka mmoja kasoro siku chache tangu kifo chake. Wazee waliomwona akikimbia shuleni, waliosubiri habari za Tokyo kwenye redio, wanapungua. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili chenye kinasasauti kimoja na nauli ya kufika Kericho kinaweza kukusanya masimulizi yao kwa Kiswahili chao wenyewe, chenye lafudhi ya Kipsigis na msamiati wa shamba la chai, kabla hakijalainishwa na chumba cha habari.

Tarehe 13 Septemba 2025 Chebet alishinda mita 10,000 za Mashindano ya Dunia kwa 30:37.61, na tarehe 20 akashinda mita 5,000 kwa 14:54.36, Kipyegon akiwa wa pili tena. Mashindano yalikuwa Tokyo, katika uwanja mpya uliojengwa mahali paliposimama ule wa mwaka 1964, ambako mtu wa Kericho aliyeitwa mtoto wa njaa alikimbia mizunguko miwili kwa dakika moja, sekunde 45, nukta tisa.